Inchi Mbili

Theluji bado imeng'ang'ania kivuli cha jukwaa,
na mipira Kocha Dvorak ameifungia stoo.
"Wiki hii ni miguu," asema.

Miguu! Vijana wa kilo mia na arobaini
wachuchumaa katika tope la Iowa,
wainuka, wachuchumaa tena,
kama watafutao ufunguo uliodondoka.

Ubaoni kaandika mambo matatu;
la tatu mvua imelifuta.
Hakuna aliyeuliza.

Novemba tulishindwa kwa pointi moja.
Lindquist aliinua mkono arushe, sote twajua;
ni mimi niliyeteleza mbele yake.

Leo kocha kanikuta nimeinama,
mguu wangu wa kushoto
akausukuma kwa ncha ya kiatu,
ukasogea inchi mbili.
"Hapo," akasema,
akaenda kwa mwingine.