Mfuniko wa Friza

Jina lake Kiza, wala halina giza.
Huku kwetu anayefuata mapacha huitwa hivyo:
Bukuru, Butoyi, kisha Kiza,
aliyezaliwa na midomo rangi ya zambarau,
akikimbia hatua kumi huchutama
kama anayetafuta senti mchangani.

Mama yake alipanda naye treni.
Mimi nikabaki Kibirizi na friza,
maana friza ndiyo iliyolipa nauli.

Daktari alinipigia Jumanne, sauti changa, yenye usingizi.
"Baba Kiza, tutampoza.
Damu itapita mashineni, irudi mwilini ikiwa baridi,
hadi digrii kumi na nane.
Kisha tutaisimamisha hata mashine.
Dakika ishirini, labda na tano,
moyo ukiwa mkavu, nishone."
Na ubongo? nikauliza.
"Ubongo ni mlafi. Ukiwa na joto,
dakika chache bila damu unaanza kufa.
Ukipoa, husinzia. Haudai."

Haudai.
Mimi ninayedaiwa na nusu ya soko
nililishika neno hilo kwa mikono miwili.

Miaka tisa nauza barafu.
Najua mgebuka aliyelazwa barafuni alfajiri
jioni bado jicho lake linakutazama.
Lakini huyo samaki, nikamwambia,
samaki hatakiwi kuamka.
Akanyamaza. Nikasikia akivuta kiti.
"Ndiyo maana kuamsha ndiyo kazi.
Tutampasha pole, digrii kwa digrii.
Joto la pupa huumiza kichwa kuliko baridi."
Hapo nikamwelewa. Niliwahi kumwona mtu
akimwagia samaki wa barafu maji ya moto:
nje ameiva, ndani jiwe,
nyama ikaachana na mfupa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, umeme ukakatika,
toka Mwanga hadi Ujiji.
Nikakaa juu ya mfuniko.
Akaja Nyabenda na ndoo yake. Nifungulie, samaki wanaharibika.
Sifungui.
Hela hii hapa!
Sifungui, Nyabenda. Humu mna mtoto.
Akanitazama. Akaitua ndoo,
akakaa kando yangu, wala hakuuliza.
Tukasikiliza matone.
Nilihesabu ishirini. Nikahesabu tano.
Hesabu ikanipotea, nikaanza upya
kwa majina: Bukuru, Butoyi,
na la tatu likanikwama kooni.

Simu iliita saa tisa.
Mama yake hakusema amepona.
Alisema, "Ana joto."
Homa?
"Hapana. Joto lake."
Ndipo nikashuka, nikafungua.
Nusu ilikuwa maji. Nyabenda akachota iliyobaki
na akakataa chenji.

Walirudi baada ya wiki saba.
Yapo maneno anayatafuta bado;
jana kijiko alikiita "kile cha uji."
Wametuambia tusubiri, tuhesabu miaka, siku hazitoshi.
Usiku nalala nikimtega maswali gizani:
jirani yetu nani, mbuzi ana miguu mingapi,
mpaka mama yake ananifinya niache.

Lakini siku ile pale stesheni, kabla hata ya shikamoo,
midomo yake myekundu kama ya nduguze,
alininyooshea kiganja:
"Baba, mia mbili yangu.
Ulisema ukiuza lile pande kubwa."

Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau.