Nyuma ya Stakabadhi

Karatasi nyingine haikuonekana,
tukaipindua stakabadhi ya korosho ya msimu uliopita
na Likapa akaandika kwa penseli yake ya useremala:
Newala, Masasi, Mangaka, Tunduru,
Namtumbo, Songea.
Mia tano na ushei, akasema, kama Probox itakubali.

Saa kumi alfajiri tuwe barabarani.
(Mama, kutoka jikoni: "Mnakwenda kuiba?")
Tunduru tule, ila si wali,
wali humlaza dereva.
Tairi la akiba lina kiraka juu ya kiraka;
tumeliandika hivyo hivyo, na jeki ya kuazima kwa Mchopa.

Hatukuandika kwamba Somoe ana miaka kumi na moja huko,
wala kwamba Jumapili kwenye simu alisema "Njooni basi,"
halafu vocha ikaisha, au alikata.

Likapa akapiga hesabu ya mafuta.
Kwenda, watu watatu.
Kurudi,
akaandika nne, akafuta, akapuliza vumbi la ufutio,
nne ikabaki pale, nyembamba,
juu ya kilo zinazopenya kutoka upande wa pili.

"Kurudi tutajua huko huko," nikasema.

Mama akatoka na sufuria.
Ming'oko, moto bado, ya kumshibisha mtu mmoja.
Likapa akanyoosha mkono.
"Hiyo si yenu."
Akaifunga kwenye kanga, mafundo mawili,
akaenda kuiweka garini,
kiti cha mbele.