Kigutu

Kazi yangu ni kusoma mita za mvuke
ndani ya Menengai, zamu ya usiku,
buti za mpira, kofia ngumu, kalamu sikioni.
Najua presha ya kila kisima
kama mama mboga ajuavyo madeni ya mtaa.
Wageni huniuliza, nusu wakicheka:
"Kwani jehanamu ndiyo hii?"
Nawaambia huko chini ni maji na mawe,
na kwamba taa ya jikoni kwako
huenda imewashwa na huo moto unaouogopa.

Lakini baba, Mwinjilisti Mudave,
miaka thelathini pale Kaptembwo
alihubiri akinyoosha kidole upande huu.
Asubuhi za baridi, moshi ukipanda toka kreta,
hakuhitaji picha nyingine.
Tulikuwa watoto. Tuliungama hata ndoto.

Kisha Kisia.
Kisia kakangu, aliyeuza mabati ya kanisa,
mabati arobaini, mapya, yana stika bado,
akarudi ibadani amelewa, akasimama katikati ya mabenchi:
"Huyo Mungu wako simtaki, mzee.
Akiniulizia, mwambie nimehama."
Miezi miwili: pikipiki, lori la maziwa,
mvua, njia ya Njoro.
Hakuna aliyemsikia akitubu.
Hakuna aliyemsikia akisema lolote.

Tulimzika kwetu Mbale, udongo mwekundu kwenye viatu.
Mchungaji wa kule alisoma mbio mbio.
Waliokuja matanga walisema Mungu ni pendo,
kisha wakaangalia vikombe vyao vya chai.

Usiku mmoja, mrenda ukipoa mezani,
mama akasema, bila kumwangalia mtu:
"Mtoto akikunyea kiganja, hukikati."
Baba alikaa kitambo.
"Na mtoto akishika panga, akakikata yeye?"
Hakuwa na hasira. Aliuliza
kama mtu anayeuliza bei ya kitu
asichoweza kununua.
Mama akafuta meza, akafuta tena palepale.
"Basi utabaki na kigutu, Mudave.
Na hicho kigutu ndicho utakachomnyooshea."

Sijui kama hiyo ni theolojia.
Mimi ni mtu wa mita. Nimejaribu hesabu yangu
saa tisa za usiku, bomba likinguruma:
pendo lisiloweza kukataliwa ni kamba tu,
ya ng'ombe.
Na pendo linalokubali kukataliwa milele,
linalalaje?
Hapo ndipo hesabu hunishinda
nikarudi kuandika presha.

Alfajiri ya Ijumaa mlinzi alinipigia:
"Kuna mzee huku ukingoni, anaita mtu."
Nilimkuta kwenye koti la ibada, umande hadi magotini.
Alikuwa akiita Kisia,
na kreta ikimrudishia jina kama amri:
kisia... kisia...
"Baba, hayuko humo. Nimekwambia, ni maji na mawe."
"Najua."
Akavuta pumzi.
"Nilitaka tu kuona itanichukua muda gani
kuacha kumwita."
"Na umeacha?"
"Koo limechoka," akasema. "Koo tu."
Nikampa chai ya chupa yangu. Tukanywa kwa kifuniko kimoja.

Jumapili tulisimama kukiri imani,
sauti zote mwendo mmoja, kama miaka yote,
wengine wakitafuta miwani, mtoto wa nani sijui akilia:
akasulubiwa, akafa, akazikwa,
akashukia kuzimu,
na hapo baba akakwama.
Neno amelitamka tangu ujana,
amelipita kama mtu apitaye ukuta kila siku,
leo ameona una komeo.
Mama akamshika kiwiko. Hakumvuta.

Kanisa likaendelea.
Sisi tulishafika siku ya tatu,
tukafufuka, tukapaa, tukaketi kuumeni;
baba alikuwa bado kuzimu,
mdomo wazi,
hajamaliza kutafuta.