Kiti Kimoja

"Mko wangapi?" karani aliuliza bila kuinua macho.
Nikageuka nyuma, kama niliyeitwa kwa jina la mwingine.
Mmoja, nikamwambia.
Akataka kuandika Mghoi, akaandika Mgoli.
Nikamwachia.
Leo naweza kuwa Mgoli. Nani atanikana?

Baada ya Mtwapa, mkonge, mkonge tena,
safu kwa safu kama wasichana wa bweni kwenye gwaride,
kisha daraja la Kilifi, pumzi moja ya buluu,
kisha msitu mrefu usiosema kitu.
Gede wakashuka wenye magunia,
na kila aliyeshuka alikuwa na wa kumpokea.

Malindi ikanipokea kwa madereva wa tuktuk:
"Mama, hoteli? Mama, ufukweni? Uko na nani?"
Niko na miguu, nikasema.
Wakacheka, wakanipisha.

Kwa Nyevu nilikunywa chai ya tangawizi,
mahamri mawili yaliyofura kwa majivuno
na bakuli la mbaazi lililonifunga mdomo.
"Mwenzio yuaja?"
Sikumjibu.
Alikipangusa kiti cha pili vilevile,
akakisogeza kidogo, kikae vizuri.

Njia za kushukia baharini huzijui kwa ramani,
wazijua kwa shombo.
Nikapinda penye shombo kali, nikapotea,
nikapinda tena.
Mtaliano mzee, kaptura na soksi hadi magotini,
alikuwa akivutana bei ya nazi kwa Kigiriama kilichonyooka,
na mimi, mzaliwa wa Wundanyi, nikasimama kando
mgeni kuliko mgeni.

Penye mnara wa Mreno mlinzi akanihurumia.
"Leta simu nikupige, maana huna wa kukupiga."
Nikasimama wima. Upepo ukanivua leso, nikaidaka.
Alinirudishia simu kwa mikono miwili,
kwa adabu za mtu aliyetenda wema:
msalaba mweupe wa chokaa,
bahari rangi ya chai ya maziwa, maana Sabaki umeshusha udongo,
na pembeni, kiwiko.
Changu. Kiwiko tu.

Nikataka kucheka, nikakaa kwanza juu ya jiwe.
Nyumbani kuna albamu nne:
ubatizo, mahafali, harusi ya Mkabili,
mazishi ya baba yao, watu wamepangwa kwa kimo.
Zigeuze zote, hunioni.
Aliyesema "sogeeni kidogo, tabasamuni" alikuwa ni mimi.
Sasa kiwiko kimeingia.
Sikuifuta.

Maweni, kanda ya kiatu ikakatika.
Fundi Shebwana akanipa kipande cha katoni nikanyagie,
nikakikataa, nikaweka unyayo chini,
ardhi ya saa nane, moto wake wote.
Sikumbuki mara ya mwisho nilipokanyaga mji pekupeku.
Hakuniuliza niko na nani.
Aliuliza, "Unakwenda wapi?"
Sijui, nikasema, na ilikuwa kweli.
Akawaza, sindano mdomoni.
"Basi huko ni mbali. Nitatia uzi mara mbili."

Nikazunguka hadi kiatu kikazoea.
Nilinunua mabuyu ya shilingi hamsini,
nikayala nikitembea, kama mtoto, bila kificho,
nikitema kokwe kwenye kiganja
kwa kukosa pa kuzitupa.

Saa kumi na nusu kondakta akasoma orodha:
"Mgoli? Kumi na saba, dirishani."
Ndiye mimi.
Kiti cha pili kilikuwa kitupu, nikaketisha mabuyu.
Simu ikalia, Mkabili: Mama uko wapi, uko na nani?
Mtandao ukakatika kabla sijachagua jibu.

Gede akapanda mama mwenye kuku wawili kwenye kikapu.
"Hapa kuna mtu?"
Nilitazama pakiti ile, vidole vyangu vyekundu,
nikachelewa kujibu kuliko inavyostahili swali dogo hivyo.
Hapana, keti, nikasema.
Nikayapakata mabuyu yangu,
kiatu kikinibana mahali papya.