Tarehe ya Mwisho

Jumamosi usiku, Tampere, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Nimeketi chumba cha seva, koti mabegani,
naungoja mfumo wa zamani ukate roho.

Maelezo ya toleo jipya ni kurasa arobaini.
Ukurasa wa tatu unasifu rangi za vitufe.
Wa thelathini na saba, kwa herufi za kunong'ona, unasema:
visomeo vya kizazi cha kwanza havitatambuliwa tena.
Kama mtu aliyekualika harusini,
kisha, ukiwa umeshavaa,
akakumbuka kwamba viti havitoshi.

Nina milango thelathini na minane.
Kumi na mmoja ni ya kizazi hicho:
ghala la karatasi, chumba cha boila,
sauna ya ghorofa ya saba,
na ule wa nyuma unaotazama reli.
Jioni niliizungukia na bisibisi.
Ndani ya kifuniko kimoja: vumbi, buibui mkavu,
na kikaratasi, mwandiko wa marehemu fundi Lahdenperä:
"Usikiguse. Kinafanya kazi."
Nikakigusa.

Saa sita data ikaanza kuhama.
Majina yakavuka, moja, moja, kisha yakagoma,
yote mia mbili na kumi na nne, mlangoni.
Kosa: nafasi hii haiwezi kuwa tupu.
Nafasi gani?
Tarehe ya mwisho.

Mfumo wa zamani haukuuliza hayo.
Ulikupa kadi kama jirani anavyokupa chumvi,
hakuna aliyeandika utairudisha lini.
Huu mpya, kila anayeingia
sharti ujue kwanza atakoma siku gani.

Basi nikaanza kuwaandikia watu miisho.
Wahasibu wa ghorofa ya pili: Juni, kama mkataba wao.
Onerva, mwanafunzi wa maabara ya meno: siku tisini.
Pentikäinen, tuliyemzika Novemba,
kadi yake ingali hai,
mlango wa tano ungali unamjua.
Nilikaa naye kidogo.
Nikamwandikia jana.
Mfumo ukashukuru.

Nikafika kwangu. Tuure, fundi, milango yote.
Kidole kikaning'inia juu ya namba.
Nikajiruka. Nitarudi.

Kisha Raili. Hana jina la ukoo humo,
"Raili, usafi" basi, tangu enzi ya faksi.
Miaka ishirini na sita anaingia kabla yetu
na kutoka kabla hatujamwona.
Nikampa thelathini na moja Desemba,
elfu mbili tisini na tisa.
Una hakika? mfumo ukauliza.
Nikabonyeza ndiyo kama karani anayegonga muhuri.

Saa kumi na moja kasorobo, alama nyekundu.
Mlango wa nyuma. Nyekundu tena. Mara ya tatu.
Kadi haieleweki.
Nilimpa karne yote iliyobaki, nikasahau
kwamba kadi yake ni ya kizazi cha kwanza,
plastiki iliyolika kama kipande cha sabuni,
inasema lugha ambayo usiku huu huu
nimeifuta mimi.

Ndipo nikasikia kitu kisicho na toleo:
kifundo cha kidole juu ya kioo.
Ko, ko. Ko.

Nilishuka na soksi. Nikausukuma mlango kwa bega.
Raili pale nje, kope nyeupe kwa barafu,
kadi mkononi kama nauli iliyokataliwa.
"Milango yako imesahau Kifini?"
"Imejifunza kipya," nikasema.
"Basi ifundishe na baridi."
Akanipita. Akatazama chini.
"Na wewe umenikanyagia sakafu."

Huku juu, rejista imeandika bila haya:
Mlango wa sita. Umefunguliwa kwa nguvu.
Mhusika hajulikani.
Nimeiacha hivyo.

Nafasi yangu bado tupu, inawaka njano,
na huko ghorofa ya kwanza
ndoo imeanza kuburutwa.