Hodi Nne

Stima iliporudi Jumapili ilirudi na hasira,
ikaichoma kadi ya mtandao kwa Bi Thureya,
ofisi ya kutoa mizigo, ghorofa ya pili, Shimanzi,
ngazi zake zanuka ngano na dizeli.

Mpya nimeipachika asubuhi. Skrubu nne;
moja ikaniponyoka, ikabingirika chini ya kabati
na huko ipo hata sasa.

Taa ya kijani ikawaka. Nikasema, basi, kazi imekwisha,
nikaagiza chai.
Chai ikaja, ikapoa:
kompyuta haioni printa, haioni seva, haioni
mashine ya Nyanje iliyo umbali wa mkono.

Nikaanza kama nilivyofunzwa, kutoka karibu kwenda mbali.
Kwanza nikabisha mlangoni pangu mwenyewe,
maana mashine nayo hujipigia hodi.
Nipo, ikajibu. Nipo, nipo, nipo.
Haya. Asiyejiitikia ataitikiwa na nani?

Nikapiga hodi kwa ruta.
Kwetu hodi ni tatu; ukikosa jibu
wageuza viatu vyako, warudi, bila kinyongo.
Mashine haina adabu hiyo, hupiga nne.
Nne zimetumwa. Nne zimepotea.
Nikapiga tena. Nne. Nne.

Nikashuku waya. Nikauchomoa, nikaupuliza,
nikausugua kwa upindo wa shati, kwani huku pwani
chumvi hula shaba kama mchwa alavyo boriti.
Nikaazima waya wa Nyanje, naye akanitazama
kama niliyemvua ndala njiani.
Nikabadili tundu la swichi: la tatu, la tano,
lile la saba lenye utando wa buibui.
Nikazima kila kitu, nikahesabu
mpaka thelathini, nikawasha.
Chini barabarani trela likapiga honi,
na Bi Thureya akasema, bila kuinua macho,
"Kontena la mchele lahesabiwa siku bandarini, mwanangu.
Na siku zile si za bure."

Saa saba u nusu ndipo nikayasoma polepole
yale maneno niliyokuwa nikiyafunga kila yakitokea,
kama mtu afungaye dirisha kwa sababu ya vumbi:
anwani hii ina mwenyewe,
ni ya kadi nyingine, na kadi hiyo haionekani.

Nikaitazama kadi ya zamani. Ipo mezani,
imeungua kona moja, nyeusi kama ukoko.
Haina waya. Haina pumzi. Na bado
ndani ya mashine imeandikwa kuwa ndiyo mwenye nyumba,
na mgeni wangu, pamoja na taa yake ya kijani,
amesimama barazani na begi mkononi.

"Nani aliyeweka namba hii?"
Akavuta mtoto wa meza, akatoa daftari la jalada gumu.
Mwandiko umelalia kulia, wino wa buluu:
Kompyuta ya mbele, arobaini na saba.
Printa, hamsini. Isibadilishwe.
"Marehemu," akasema. "Hata mita ya maji yamwandikia yeye.
Kila mwezi waniletea bili yake, nami nailipa."

Nikafungua orodha ya vifaa vilivyofichwa. Pale, kijivu,
jina la kadi iliyokufa limekaa kimya.
Kidole changu kikasita.
Fundi hatakiwi kusita; nalipwa kwa kazi, silipwi kwa saa.

"Wamfuta?"
"Nafuta kadi, Bi. Anwani itabaki ile ile,
arobaini na saba, kama alivyoandika."

Akafikiri. Akaifunika kalamu kofia yake.
"Haya."

Hodi ya kwanza: karibu. Ya pili: karibu.
Printa ikakohoa, ikatema karatasi kumi na moja,
zote hati moja, ya mchele,
aliyoituma mara kumi na moja tangu asubuhi
bila kuniambia.

Ya nne sikuiona. Nilikuwa nimelala kifudifudi
na tochi ya simu, chini ya kabati,
naitafuta ile skrubu.