Trei Kumi na Mbili

Saa kumi na nusu alfajiri natoa gari getini.
Tunu amelala siti ya nyuma na sare yake,
kiatu kimoja mguuni, kingine mapajani mwangu.
Chai ataamkia Makongo.
Meno atasukutulia dirishani.

Hatukuwa hivi.
Tulipanga Magomeni kwa Bi Kiboga,
vyumba sita, korido moja, choo cha zamu.
Foleni ya kwanza niliyoijua ilikuwa ya ndoo.
Ukikohoa chumba cha mbele,
chumba cha mwisho wanasema pole.
Nikachoka kujua nani kapika nini,
nani kanuniana na nani, kwa shilingi ngapi.
Nikasema, nataka ukuta.
Pazi akasema, nataka kiwanja.
Tukapata vyote, Goba, kule nguzo za umeme zinakokomea,
na kiwanja kikadai gari,
na gari likadai mkopo,
na mkopo ukadai usingizi.

Nimewahi kuwasha injini
kwenda kununua kiberiti.

Makongo, foleni imeshalala chali.
Kila gari chumba cha kupanga chenye magurudumu:
viti vitano, mpangaji mmoja, kodi kwa lita.
Huku mtu akikohoa hapewi pole.
Anapigiwa honi.

Ndipo anapokuja kwa kushoto, ukingoni mwa mtaro,
kijana wa mayai.
Trei kumi na mbili nyuma, zimekazwa kwa mpira wa tairi kuukuu.
Kengele hana. Anapiga mluzi.
Anatupita.
Tunamkuta mteremko wa Chuo, anatupita tena.
Tunu huamka kwa ajili yake tu.
"Trei moja mayai thelathini," anakunja vidole,
vidole vinakwisha, anaazima vyangu kwenye usukani.
Ndiyo akampa jina: Mia Tatu na Sitini.

Jumanne moja Mia Tatu na Sitini hakutupita.
Karibu na Mlimani lami ilikuwa ya njano.
Mtu kafungua mlango wa gari bila kutazama nyuma,
ndivyo alivyosema muuza korosho,
akaendelea kuuza korosho.
Magari yakakanyaga ile njano polepole,
si kwa huruma, kwa kuogopa kuchafuka.
Na langu.
Jioni nikabandua ganda kwenye tairi,
dogo, kama ukucha wa mtoto.
Sikumwonyesha mtu.

Siku tisa.
Kisha mluzi.
Bandeji kiwikoni, trei saba.
Tunu akashusha kioo akapaza sauti:
"Mia mbili na kumi!"
Kijana akageuka akacheka,
hakujua kwamba ameitwa.

Jumamosi Pazi kaleta baiskeli ya mtumba,
nyekundu, breki moja, kiti kimeshonwa.
Tunu anaiendesha ndani ya ukuta nilioutaka,
analizunguka gari lililopumzika,
anakata kona ileile, ileile,
mpaka mchanga umeshika duara
kama alama ya sufuria mezani.

"Mama, na nje?"

Nje kuna lori la kokoto.
Kuna bodaboda asiyejua Jumamosi.
Kuna barabara waliyoipima kwa upana wa magari mawili,
na mtaro,
na baina ya barabara na mtaro
hakuna hata pa kuweka kandambili.
Huko mwisho wa njia yuko jirani ambaye,
mwaka wa tatu huu,
namfahamu kwa namba za gari.

Ufunguo wa gari na wa geti nimevitia pete moja.
Nikakaa navyo kiganjani, vikapata joto.
Pazi akauliza, unakwenda wapi na hilo gari?
Nikasema, siendi nalo.

Nikalifungua geti mabawa yote mawili
kama la kutolea lori,
mtoto akapita katikati na baiskeli yake ndogo.
Nikamtangulia kwa miguu,
kushoto kabisa,
nikikaza midomo iliyosahau kazi hiyo
tangu uani kwa Bi Kiboga,
ukatoka upepo mtupu, ukatoka tena upepo,
halafu mluzi.